Maswali ya wasomaji: Yule mwenye macho kwenye sahani ni nani?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo mhariri. Niliingia kanisa moja lina madirisha ya vioo vya rangi, dirisha moja kuna dada kashika sahani ina macho mawili, la pembeni yake mwanaume kabeba kichwa chake mwenyewe mikononi, mwanangu akaanza kulia ikabidi nitoke naye nje. Hao ni akina nani na kwanini wachorwe vile?

JIBU: Milele amina, na pole kwa huyo mdogo. Mwenye sahani ni Mtakatifu Lusia wa Sirakusa, aliuawa mwanzoni mwa miaka ya 300 wakati wa dhuluma ya Kaisari Dioklesiano. Ukirudi muangalie usoni, utakuta macho yake yapo palepale salama, yale ya sahanini ni ya ziada! Masimulizi ya zamani kabisa ya kifo chake hayasemi aling'olewa macho, hiyo hadithi ilikuja baadaye sana, na jina lenyewe lilisaidia maana Lusia linatokana na neno la Kilatini la mwanga, watu wakaanza kumuomba kwa magonjwa ya macho.

Huyo wa kichwa naona ni Dionisi, askofu wa Paris, inasimuliwa alikatwa kichwa akakiokota akatembea nacho, ila wabeba vichwa wako kadhaa so cheki kama hicho kichwa kimevaa kofia ya kiaskofu.

Sasa kwanini. Zamani waumini wengi hawakujua kusoma, na hata anayejua hawezi kusoma jina lililo juu kabisa ya ukuta, kwahiyo kila mtakatifu alipewa kitu cha kushika kama kitambulisho, na kwa wafiadini mara nyingi ni kilekile kilichomuua. Laurenti, shemasi wa Roma aliyeuawa 258, anashika wavu wa chuma wa kuchomea nyama, Katarina wa Aleksandria ana gurudumu lenye misumari (ambalo kwenye hadithi halikumuua, lilivunjika akaja kukatwa kichwa), Bartolomayo ana kisu na wakati mwingine ngozi yake mwenyewe kaitundika mkononi kama koti. Angalia nyuso zao, hakuna anayelia, wanavishika vile vitu kama mtu kashika kombe. Agnesi yeye kapewa mwanakondoo kwa sababu tu jina lake linafanana na neno la Kilatini la mwanakondoo, basi.

SWALI: Mhariri, dirisha la Mtakatifu Petro kanisani kwetu lina mistari myeusi kila mahali, mmoja umepita katikati ya shavu. Nimewaambia wenzangu wa kamati kioo kimepasuka tubadilishe wananicheka. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wote kidogo. Hiyo mistari ni risasi, ile metali laini. Dirisha la aina hii halipakwi rangi juu ya kioo kimoja kikubwa, ni vipande vingi vilivyotiwa rangi tangu kioo kikiwa bado uji kwenye tanuru, kobalti inatoa bluu, shaba inaweza kutoa nyekundu (na nyekundu ikiwa nene inaonekana nyeusi, ndo maana mafundi waliipaka kama utando mwembamba juu ya kioo cheupe). Vipande vinakatwa kufuata mchoro, vinashikizwa kwa vijiti vya risasi vyenye mfereji kila upande. Macho, pua na mikunjo ya nguo ndo vinachorwa kwa wino wa unga wa kioo na madini, halafu kipande kinachomwa mpaka wino ushike.

Fundi mzuri anaficha risasi kwenye mpaka wa kitu, kwenye kola, kwenye ukingo wa vazi, kuzunguka kichwa. Karibu na 1300 wakagundua dawa ya fedha inayogeuza kioo cheupe kuwa njano, ikawezekana uso na nywele za dhahabu vikae kwenye kipande kimoja bila risasi kupita kati. Kwahiyo mstari wa shingoni ni wa fundi wa kwanza, ila huo wa shavuni karibu hakika ni kiraka, kipande kilipasuka zamani mtu akakiunga. Msibadilishe! Muiteni fundi wa vioo kwanza.

SWALI: Haya madirisha yenye picha ndogondogo nyingi unaanza kusoma wapi?

JIBU: Mara nyingi chini kwenda juu, ingawa mafundi wengine walijifanyia wanavyotaka. Na picha ndogo zinakaa madirisha ya chini karibu na macho yako, juu wanawekwa watu wakubwa mmojammoja. Kule Chartres Ufaransa ukianza chini kabisa unakutana na washona viatu na waoka mikate wako kazini, wengi husema ndo waliochangia dirisha, wanahistoria wengine wanabisha. Mimi ninayoyapenda zaidi ni yale ya Canterbury Uingereza, ya miujiza ya Thomas Becket, askofu mkuu aliyeuawa ndani ya kanisa lake tarehe 29 Desemba 1170. Kuna mfanyakazi anaitwa William wa Gloucester, alikuwa akichimba mtaro wa mabomba ya maji udongo ukamfukia, wakamfukua yuko hai. Mtu wa mabomba kwenye kioo cha kanisa kuu, we fikiria.

SWALI: Ni kweli Kristofa alifutwa utakatifu?

JIBU: Hapana. 1969 sikukuu yake iliondolewa kwenye kalenda ya Kanisa zima, utakatifu wake haukuguswa, na Katarina wa gurudumu aliondolewa mwaka huohuo akarudishwa 2002. Kristofa ukimkuta ni yule jitu anavuka mto na Mtoto Yesu begani, mara nyingi kachorwa mkubwa kuliko wenzake, maana watu waliamini ukiiona sura yake leo hufi ghafla leo, kwahiyo ilibidi aonekane hata na mtu anayechungulia mlangoni tu akapita zake.