Kulia wakati wa kuaga si kukosa imani

Dada, umeuliza kama kulia kila ukifungua sanduku la safari ni dalili kwamba moyo wako umeshikamana na nchi uliyotumwa kuhudumu, ambayo sasa unaihama, kuliko na Mungu Aliyekutuma. Mimi nasema hapana. Soma Matendo 20: baada ya miaka 3 ya kuhudumu Efeso, Paulo aliwaaga wazee wa kanisa kule Mileto. Walilia sana, wakamwangukia shingoni, wakamsindikiza mpaka merikebuni. Hakuna aliyewakemea.

Mimi nilipohama nchi niliyohudumu, nilijitia shughuli nyingi ili nisilie. Mama jirani aliyenifundisha lugha yao, neno kwa neno huku akinicheka, nilipita kwake siku ya mwisho nikakuta mlango umefungwa. Hilo linaniuma kuliko safari yenyewe. Basi anza kuaga mapema, nyumba kwa nyumba. Uliyemkosea, muombe radhi ana kwa ana. Usiahidi kurudi kama huna hakika. Watu husubiri kweli. Huduma uliyoshika mkabidhi mwenyeji ungali upo, umwache aiendeshe kwa namna yake. Na huko uendako (hili hatuambiwi), usianze kila sentensi na “kule nilikotoka”.