Hazina ya pamoja ya sauti kwa wanaojifunza Kituruki

Swali: Ninaratibu kundi la watu wazima wanaojifunza Kituruki hapa Nairobi. Baadhi yao wanajiandaa kwenda vyuo vikuu vya Uturuki, na wengine ni wafanyabiashara wa Eastleigh na Kamukunji wanaoagiza nguo kutoka Istanbul. Kusoma wanasoma vizuri, lakini Mturuki akianza kuzungumza hawaambulii kitu. Tumekuwa tukitumiana vipande vya tamthilia na sauti za kila aina kwenye WhatsApp, na sasa hakuna anayejua kipi kiko wapi. Tungependa kuwa na hazina moja ya sauti ambayo hata makundi mengine yataweza kuitumia. Tuanzie wapi, na je, tunaruhusiwa kutumia vipande vya tamthilia?

Jibu: Kabla hamjarekodi hata dakika moja, kubalianeni kwamba sauti peke yake haitoshi kuitwa nyenzo ya kujifunzia. Kila kipande kinachoingia katika hazina yenu kiwe na mambo matatu yanayokwenda pamoja: sauti yenyewe, unukuzi wa maneno yaliyotamkwa, na idhini ya maandishi kutoka kwa msemaji. Makundi mengi hukusanya sauti kwanza kwa matumaini kwamba maandishi na idhini vitafuata baadaye, lakini baadaye msemaji huwa amehama na hakuna aliye na muda wa kunukuu saa nzima ya mazungumzo. Ni heri vipande kumi vilivyokamilika kuliko mia visivyo na maelezo.

Kazi kubwa iko katika unukuzi, na hapo ndipo ningewaomba mtumie sehemu kubwa ya nguvu zenu. Tangu Uturuki ilipoanza kutumia herufi za Kilatini mwaka 1928, tahajia ya Kituruki imekuwa ikifuata matamshi kwa karibu sana, jambo linalomfurahisha mzungumzaji wa Kiswahili kwa sababu na yeye amezoea kusoma kile kilichoandikwa. Hata hivyo, mazungumzo ya kila siku hufupisha mengi. Mwanafunzi aliyesoma “geleceğim” atasikia “gelicem”. “Ne yapıyorsun” hugeuka “napıyosun”. “Bir şey” husikika kama “bişey”, na “değil mi” huwa “di mi”. Anayetegemea kitabu pekee husikia maneno ambayo hajawahi kuyaona, akadhani msamiati wake ni mdogo, ilhali maneno hayo anayajua yote.

Kwa hiyo, unukuzi wenu uwe na mstari wa tahajia sanifu, chini yake mstari wa kile kilichosikika hasa, kisha tafsiri ya Kiswahili. Programu za kunukuu sauti kwa kompyuta zinaweza kuwapa rasimu ya mstari wa kwanza, na zinaokoa muda. Msiziamini kwa mstari wa pili, kwa sababu mara nyingi huandika “geliyorum” mahali ambapo msemaji alisema “geliyom”, yaani zinasahihisha kile hasa ambacho mwanafunzi anahitaji kukisikia. Mstari huo uandikwe na mtu mwenye sikio zuri, kisha uhakikiwe na mwingine.

Zingatieni pia jinsi sikio la mzungumzaji wa Kiswahili linavyofanya kazi. Tunaposema “sitaweza kuja”, silabi ya kwanza tayari imeshatangaza nafsi na ukanushi. Katika “gelemeyeceğim”, yenye maana hiyo hiyo, kinachotangulia ni kitenzi “kuja”, halafu uwezo, ukanushi, wakati na mwishowe nafsi. Anayesikiliza kwa mazoea ya Kiswahili hutega sikio mwanzoni na kulilegeza mwishoni, mahali ambapo Mturuki ndipo anapoeleza kama anakuja au haji. Msikate kipande cha sauti kabla sentensi haijaisha kabisa, na mazoezi mengi yahusu miisho ya vitenzi. Mkazo nao unahitaji mazoezi, kwa kuwa sisi tumezoea kuuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kituruki huuweka zaidi kwenye silabi ya mwisho, ila ukanushi huusukuma nyuma: “gelme” yenye mkazo mwanzoni ni “usije”, na yenye mkazo mwishoni ni “kuja” kama jina.

Irabu za Kituruki ni nane, na zetu ni tano. Tengenezeni seti ndogo ya jozi za maneno yanayotofautiana kwa irabu tu, zikisomwa na wasemaji wawili au watatu tofauti: “oldu” (ikawa) na “öldü” (alikufa), “kul” (mja) na “kül” (majivu), “sınır” (mpaka) na “sinir” (neva). Seti kama hiyo hutengenezwa kwa mchana mmoja na huwafaa wanafunzi wa viwango vyote.

Kuhusu wasemaji wa mazungumzo, msiwape matini ya kusoma. Wapeni hali: mnunuzi anauliza bei ya mzigo wa jumla na siku ya kusafirishwa, au mwanafunzi mgeni anajiandikisha katika bweni. Wazungumze kwa dakika moja au moja na nusu kwa kasi yao ya kawaida. Msiwaombe waseme polepole, kwa maana mtu anayejilazimisha kusema polepole hutamka kila silabi na ule ufupisho wote hupotea. Anayehitaji kasi ndogo atapunguza mwenyewe kwa programu ya kuchezea sauti, ambayo hailazimiki kubadilisha kimo cha sauti. Simu nzuri iliyowekwa kiasi cha shubiri moja kutoka mdomoni, ndani ya chumba chenye mapazia na godoro, hutosha. Epukeni chumba chenye paa la mabati msimu wa mvua.

Hifadhini nakala mama katika umbo la WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa, ambalo kwa mkondo mmoja wa sauti (mono) huchukua takribani megabaiti 5 kwa dakika. Ya kusambaza iwe MP3, yaani faili la sauti iliyobanwa, ya kilobiti 64 kwa sekunde, ambayo ni kama nusu megabaiti kwa dakika, ili bando la mwanafunzi lisiishe kwa masomo mawili. Mkitumia WhatsApp, tumeni faili kama hati, kwa sababu ujumbe wa sauti wa kawaida hubanwa sana.

Maandishi yote yahifadhiwe kwa usimbaji wa UTF-8, yaani mfumo wa kuhifadhi maandishi unaobeba herufi za lugha zote, na majina ya faili yasiwe na herufi maalumu za Kituruki. Herufi kubwa nazo zina mtego wake: katika Kituruki, herufi ndogo ya “I” ni “ı”, na herufi kubwa ya “i” ni “İ”. Programu iliyopangwa kwa Kiingereza itageuza SINIR kuwa “sinir”, na mpaka wenu utakuwa umegeuka neva bila yeyote kutambua. Orodha kuu iwekwe katika lahajedwali moja inayoonyesha namba ya kipande, mada, kiwango, eneo analotoka msemaji, leseni na jina la aliyehakiki.

Sasa haki. Kukata vipande vya tamthilia na kuvisambaza kunahitaji ruhusa ya mwenye kazi, na hazina mnayotaka kuigawia makundi mengine haiwezi kusimama juu ya msingi huo. Mnachoweza kufanya ni kuandaa orodha ya viungo vya video zilizowekwa na wenyewe, mkitaja dakika husika na maswali yenu ya kusikiliza. Mradi wa Common Voice, unaokusanya sauti zinazotolewa na watu wa kujitolea, una rekodi za Kituruki zilizotolewa bila masharti ya hakimiliki, ingawa ni sentensi fupi zinazosomwa. Tatoeba, hazina ya mtandaoni ya sentensi na tafsiri zake, ina sentensi nyingi, lakini leseni ya sauti hutofautiana kwa kila mchangiaji, hivyo mkague moja moja. Kwa rekodi zenu ninapendekeza leseni ya Creative Commons (leseni huria zilizo tayari za kuruhusu wengine kutumia kazi yako) inayodai kutajwa kwa chanzo na kushirikisha kwa masharti yale yale. Ile inayokataza biashara itamzuia mwalimu wa mtaani anayelipwa ada ndogo, na ile inayokataza mabadiliko itamzuia mtu kusambaza kipande alichokirekebisha. Mkitaka kusoma hadithi za zamani, kumbukeni kwamba Uturuki hulinda kazi kwa miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi, na Kenya kwa miaka 50. Fuateni ile ndefu. Visa vya Nasreddin Hoca, mhusika wa hadithi za kuchekesha za Kituruki, ambavyo vitawakumbusha wanafunzi wenu visa vya Abunuwasi, vinafaa sana iwapo msemaji atavisimulia kwa maneno yake mwenyewe.

Sauti inayomtambulisha mtu ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Fomu ya idhini iandikwe kwa lugha anayoielewa msemaji, ieleze wazi kwamba sauti itasambazwa kwa umma, na imwonyeshe namna ya kuomba iondolewe, pamoja na ukweli kwamba nakala zilizokwisha kupakuliwa hazirudishiki. Katika majina ya faili tumieni namba ya msemaji badala ya jina lake, na fomu zilizotiwa saini azitunze mratibu peke yake, mbali na folda ya pamoja.