Maswali na Majibu: Shafti Nene na Uchovu wa Chuma

Kwenye maabara tulipima kipande chenye kipenyo cha milimita 7.5, tukapata kikomo chake, yaani mkazo mkubwa kinaoweza kuvumilia ukirudiwa mara nyingi bila kukatika. Kwa nini mwalimu anatukataza kutumia kikomo hicho kwa shafti ya milimita 50? – Mwanafunzi wa uhandisi, Nairobi

Mwalimu wako ana haki, na ushike neno lake. Uchovu wa chuma ni hivi: mzigo unaorudiwa mara nyingi huanzisha ufa palipo dhaifu: alama ya kisu cha leithi (mashine ya kuchonga chuma), au chembe ya taka iliyonaswa chuma kilipoyeyushwa. Kadiri shafti inavyokuwa kubwa, kasoro hizo huongezeka, na moja inatosha kuivunja. Kisha kuna kupindwa: mkazo, yaani nguvu inayobebwa na kila eneo dogo la chuma, huwa mkali zaidi kwenye ngozi ya chuma na hupungua kuelekea katikati. Kwenye shafti nene hupungua polepole, kwa hiyo chuma kingi zaidi kinaumia. Kwa milimita 50, shafti ikizunguka huku inapindwa, hesabia takriban asilimia 80 ya kikomo cha kile kipande.

Kupindwa, kuvutwa na kusokotwa, si mzigo ni mzigo tu? – Fundi wa leithi, Kariobangi

Hapana, ndugu yangu. Chuma kikivutwa na kusukumwa, mkazo huenea sawa kote, hata kasoro ya katikati inaingia hatarini. Kikomo hushuka hadi kama asilimia 85 ya kile cha kupindwa. Kwa kusokotwa ni karibu asilimia 58. Ila kwa kuvutwa usipunguze kikomo tena kwa ajili ya unene.

Ekseli ya matatu yangu imekatika Barabara ya Jogoo. Dereva analaumu shimo. Nimwamini? – Mwenye gari, Umoja

Kabla hujamkata mshahara, safisha uso uliokatika uutazame juani. Ukiona eneo laini lenye mistari iliyopinda, moja nyuma ya nyingine, huo ni ufa uliotambaa muda mrefu. Sehemu yenye chembechembe ndiyo iliyoachia mwisho. Ikiwa eneo laini ni kubwa, shimo lilimalizia tu. Fuata mistari hadi inakoanzia. Mara nyingi utakuta kona kali au mahali palipochomelewa. Na tafadhali usiichomelee tena ekseli hiyo. Inabeba watu.

Basi nikiweka shafti nene zaidi, si nitapona? – Fundi yuleyule

Inasaidia sana. Ukiongeza kipenyo mara mbili, mkazo wa kupindwa hushuka hadi moja ya nane, faida inayozidi mbali hasara ya ukubwa. Lakini pale unene unapobadilika, zungusha kona vizuri na uipige msasa mpaka alama za kisu ziishe.