Maswali na Majibu: Axel Honneth na Mapambano ya Kutambuliwa

Swali: Kila anayemtaja mwanafalsafa Axel Honneth humwita mrithi wa Jürgen Habermas, mwanafalsafa mwenzake wa Ujerumani. Ni kweli? Na nianze kumsoma wapi?

Jibu: Kwa wadhifa, ndiyo. Kwa mawazo, nusu tu. Honneth alizaliwa Essen, Ujerumani, mwaka 1949, akasoma Bonn na Bochum, kisha akapata udaktari Berlin. Mwaka 1996 alikalia kiti cha falsafa ya jamii alichokiacha Habermas Frankfurt, na kuanzia 2001 hadi 2018 aliongoza Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya mji huo huo. Mwaka 2011 alianza kufundisha pia Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Wanapoachana ni hapa: Habermas hutafuta chanzo cha ukosoaji wa jamii katika masharti ya mazungumzo, ilhali Honneth anaona kwamba mtu hahisi dhuluma kama kanuni ya mazungumzo iliyovunjwa. Huihisi kama dharau, yaani kunyimwa kutambuliwa.

Kitabu cha kuanzia ni *Kampf um Anerkennung* (yaani Mapambano ya Kutambuliwa, 1992), lakini usikifungue ukurasa wa kwanza. Sura tatu za mwanzo zinahusu hasa maandishi ya mwanafalsafa Hegel ya kipindi alichofundisha mji wa Jena, na ndizo zinazowakatisha tamaa wengi. Anza sura ya 5, uendelee na ya 6, uruke hadi ya 8, ndipo umrudie Hegel. Sura ya 4, inayomhusu George Herbert Mead, mwanafalsafa wa Marekani, isome polepole. Bila yake hutaelewa kwa nini nafsi inawategemea wengine hata kujijenga.

Swali: Zile aina tatu za kutambuliwa, yaani upendo, haki na mshikamano, zinanichanganya. Kujiheshimu na kujithamini si kitu kimoja?

Jibu: Hapo ndipo insha nyingi huharibika. Upendo hujenga kujiamini, na adui yake ni ukatili juu ya mwili. Haki hujenga kujiheshimu, na adui yake ni kunyimwa haki na kutengwa. Mshikamano hujenga kujithamini, na adui yake ni kutwezwa kwa mtindo wa maisha au kazi ya mtu. Ukitaka kuzitenganisha mbili za mwisho, jiulize: kinachodaiwa ni cha kila mtu sawasawa, au ni thamani ya mchango fulani? Muuguzi akinyimwa likizo ambayo sheria inampa kila mfanyakazi, limeguswa suala la haki. Akipewa likizo yote lakini kazi yake ikaendelea kuhesabiwa huruma ya kike isiyohitaji ujuzi, hapo ni mshikamano.

Tena, usiandike kwamba kila anayejiona amedharauliwa ana hoja. Hata mbaguzi hulalamika kuwa amedharauliwa. Honneth ana vipimo viwili: je, dai linapanua nafasi ya mtu kuwa yeye mwenyewe, na je, linaingiza watu zaidi katika mzunguko wa wanaotambuliwa? Dai la mbaguzi linashindwa katika kipimo cha pili.

Swali: Nancy Fraser, mwanafalsafa wa Marekani, anasema Honneth amesahau uchumi. Nani ana haki?

Jibu: Walibishana katika kitabu cha pamoja cha 2003. Fraser anashikilia kuwa mgawanyo wa mali na kutambuliwa ni mambo mawili yasiyoweza kufanywa moja, na kipimo chake ni usawa wa kushiriki. Honneth hapingi mgawanyo, ingawa wanafunzi humsingizia hivyo mara kwa mara. Anachosema ni kwamba mshahara wenyewe hubeba hukumu ya jamii kuhusu kazi ipi ihesabiwe mafanikio. Kwa kazi za ulezi, hoja hiyo ina nguvu sana. Lakini Fraser anampa mfano mgumu: fundi stadi mzungu, mwanamume, anayeachishwa kazi kwa sababu makampuni yameunganishwa ili wawekezaji wabahatishe faida. Hakuna aliyedharau ustadi wake. Hapo, kwa maoni yetu, maelezo ya Honneth hayatoshi.