Kodi ya nyumba Lubumbashi haitashuka kwa amri peke yake

Ndugu aliyeuliza kwa nini serikali ya mkoa haiweki kikomo cha kodi ya nyumba kama ilivyofanyika Ulaya anastahili jibu refu, kwa sababu swali lake linatugusa wengi tunaodaiwa kodi kwa dola huku tukipata riziki kwa franga. Nimepanga katika komini za Kenya, Katuba na Kampemba hapa mjini kabla ya kuanza kujenga upande wa Annexe, komini ya pembezoni, na niliyoyaona huko yamenishawishi kwamba tatizo letu linaanzia kwenye ardhi, kabla hata bayeri, yaani mwenye nyumba, hajataja bei.

Sheria ya kumlinda mpangaji tunayo tayari. Ile ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti (amana anayoweka mpangaji) ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Hata hivyo, tangu mwaka huo hakuna bayeri aliyenidai chini ya miezi sita, na juu yake komisioneri, yaani dalali, alitaka mwezi wake. Nilipomkumbusha mama mmoja wa Kampemba kuhusu sheria hiyo, alinijibu kwa upole kwamba anaijua, lakini kuna watu wengine wanaoisubiri nyumba ile ile na wote wana miezi sita mkononi. Sikumchukia, kwa kuwa kodi hiyo ndiyo iliyowasomesha wajukuu wake. Sheria ya namna hii humsaidia mpangaji pale tu anapoweza kukataa na kupata nyumba kwingine.

Huenda ndugu yetu alikuwa akiifikiria Berlin. Mnamo Februari 2020 jiji hilo lilizuia kodi kupanda katika nyumba zipatazo milioni 1.5, na Aprili 2021 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ikaifuta sheria hiyo kwa kuwa jiji halikuwa na mamlaka ya kuitunga. Katika kipindi hicho waliokuwa ndani ya nyumba walipata nafuu ya kweli, lakini nyumba zilizotangazwa kwa wapangaji wapya zilipungua. Ikiwa hali ilikuwa hivyo katika nchi yenye mahakama zinazofanya kazi na mikataba iliyoandikwa, tujiulize itakuwaje kwetu, ambako makubaliano mengi hufanyika kwa mdomo uani.

Mfano wa Vienna unanivutia zaidi. Mwaka 1923 jiji hilo lilianzisha ushuru maalumu wa nyumba, wenye majumba makubwa wakilipa zaidi, na kufikia 1934 lilikuwa limejenga makazi zaidi ya 60,000 ya wafanyakazi. Leo linamiliki makazi yapatayo 220,000. Nguvu yake inatokana na kutoyauza. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1980, iliwauzia wapangaji nyumba za umma kwa bei ya chini, na jirani zetu wa Zambia walifanya vivyo hivyo mwaka 1996 kwa nyumba za halmashauri. Familia nyingi zilipata mali, nami nazifurahia, lakini vijana waliokuja baadaye hawakukuta nyumba nyingine za kutosha zilizojengwa mahali pa zile zilizouzwa.

Kuna jambo moja linaloniumiza kila ninapolifikiria. Mwaka 1966 Singapore ilipitisha sheria ya kuiwezesha serikali kutwaa ardhi kwa ajili ya mahitaji ya umma. Mwaka huo huo Kongo ilitoa sheria ya Bakajika, iliyorudisha ardhi mikononi mwa serikali, na ile ya Julai 1973 ikathibitisha kwamba ardhi yote ni mali ya taifa. Singapore ilikuwa imeunda shirika lake la nyumba mwaka 1960, ambalo lilijenga makazi zaidi ya 50,000 katika miaka mitano ya kwanza, na leo karibu asilimia 80 ya wakazi wanaishi katika nyumba za shirika hilo, wengi wakiwa wamezinunua kwa hati ya miaka 99. Sisi tulipata mamlaka hayo hayo juu ya ardhi, lakini hatukuyaunganisha na chombo cha kujenga kwa miaka mfululizo. Wala si kwamba kazi hiyo haikuwahi kufanyika hapa: Office des Cités Africaines, shirika la nyumba lililoundwa mwaka 1952, liliacha makumi ya maelfu ya nyumba nchini, na sehemu ya komini yetu ya Ruashi ni kazi yake. Ulikuwa mpango wa kikoloni, wa kuwatenga Waafrika na mji wa Wazungu, na siutamani utawala ule, lakini barabara zilipimwa kabla ya kuta kusimama.

Huku Annexe mambo ni kinyume. Nilinunua parseli (kiwanja) ambayo haikuwa na maji wala umeme, na barabara yake mvua ya Januari huigeuza mto. Ilinibidi nichimbe kisima mwenyewe, kisha tukachanga na majirani tununue nguzo na nyaya ili umeme utufikie. Jirani mmoja alikuta parseli yake imeuzwa kwa mtu mwingine, na wote wawili walikuwa na karatasi zenye mihuri. Kila mwenye nyumba hapa amejenga kipande chake cha mji kwa fedha zake, na anapopangisha vyumba viwili vya uani hujumlisha kisima, nguzo na gharama za kesi ndani ya kodi. Hiyo ndiyo sehemu ya bei ambayo amri ya gavana haiwezi kuifikia.

Wengine wamependekeza tuige nchi ya Kenya, ambayo tangu 2023 inakata asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba, mwajiri naye akiongeza kiasi hicho hicho. Mpango huo ulikwama mahakamani, ukarudi kwa sheria mpya ya Machi 2024. Kwetu makato ya mshahara yangewaangukia wachache tu walio na ajira rasmi, na hao tayari wamechoka. Afrika Kusini nayo imejenga zaidi ya nyumba milioni tatu za ruzuku tangu 1994, nyingi zikiwa mbali na kazi, hivyo nauli ikala kile ambacho kodi ingekula.

Fedha za kuanzia zipo. Sheria ya madini (Code minier) ya mwaka 2018 inaupa mkoa asilimia 25 ya mrabaha wa madini, na miji, komini na sekta zenye migodi asilimia 15. Ningeomba sehemu ya fedha hizo ipime parseli, ichonge barabara na kupeleka mabomba upande wa mitaa ya Kasungami na Kisanga kabla watu hawajahamia, na hati ya kila parseli iandikwe katika daftari moja ambalo mnunuzi yeyote anaweza kulisoma kabla ya kulipa. Garanti ya miezi mitatu isimamiwe na ofisi ya komini, ambako mkataba ungesajiliwa bila malipo. Mambo hayo yakianza, kikomo cha kodi ambacho ndugu yetu anakitaka nitakiunga mkono.