MySQL yako haina ugonjwa, imeuliwa kwa sababu ndo nene kuliko wote

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina duka la pembejeo Makambako na matawi mawili, mfumo wa mauzo uko kwenye seva moja ya Ubuntu, RAM 4GB. Tangu msimu wa mbolea uanze MySQL (programu inayotunza data za mauzo) inakufa yenyewe mara mbili tatu kwa siku, hasa saa nne asubuhi wateja wakijaa. Fundi alikuja akasema RAM imejaa uchafu, imebaki 180MB tu. Akaweka kroni (kazi inayojiendesha yenyewe kwa ratiba) ya kuisafisha kila dakika tano, akazima swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa) eti inachelewesha, akaandika namba -17 sehemu ili MySQL isiuliwe. Bado inakufa. innodb_buffer_pool_size (RAM ambayo MySQL inajitengea) ni 2GB, na pm.max_children (idadi ya juu ya PHP, programu inayoendesha mfumo wa mauzo, zinazokimbia kwa pamoja) ni 50. Ninunue RAM au ni virusi?

JIBU: Virusi hamna dada, na RAM usinunue kwanza. Hili swali kila msimu linakuja, kuanzia Uyole mpaka Mafinga, na kila likija nakuta fundi ameshapita ameacha dawa zile zile tatu.

Nianze na huo "uchafu" maana ndo unaonikera kuliko vyote. Andika free -h afu angalia safu ya available (inayoweza kupatikana), sio ya free (iliyo tupu kabisa). Fundi wako aliangalia free akaona 180MB akashtuka. Linux (Ubuntu yako ni aina yake) ikisoma faili diskini inabakiza nakala kwenye RAM ambayo saa hiyo hamna anayeitumia, faili likiombwa tena inalitoa hapo hapo, hiyo ndo kashe. Ni kama we unavyopanga mbegu zinazoulizwa sana pale kaunta badala ya kukimbilia stoo kila mteja akiingia. Sasa umewekewa mtu kila dakika tano anabeba vyote anarudisha stoo ili kaunta ionekane safi! Nafasi ikihitajika kweli keneli (kiini cha Linux) yenyewe inaiachia hiyo kashe, haisubiri kroni ya mtu. Hiyo drop_caches (ya kutupa kashe) anayoitumia kwenye kroni, maelezo ya keneli yenyewe yanasema haishauriwi nje ya majaribio na kutafuta makosa. Afu haigusi kabisa kumbukumbu ambayo MySQL na PHP zimeishika zenyewe, na hiyo ndo imekujaa.

Programu ikiomba kumbukumbu, Linux kwa kawaida inakubali hata kama kamili haipo, maana inajua nyingi zinaomba kubwa afu zinatumia kidogo. We mwenyewe si unaandika oda za mifuko mia tatu ya urea huku stoo iko mia mbili, kwa kuwa unajua hawaji wote siku moja? Kurasa halisi (vipande vya kumbukumbu), za 4KB kila moja kwenye seva kama yako, zinatolewa pale programu inapozigusa. Basi saa nne asubuhi wenye oda wote wamefika mlangoni kwa pamoja.

Hata hapo keneli haikurupuki kuua. Ina kibarua wake anaitwa kswapd, kumbukumbu ikishuka chini ya alama fulani anaamka, anatupa kashe, anaandika diskini data ambazo zilikuwa hazijaandikwa, na zile ambazo hazitokani na faili lolote anazihamishia swapu. Akizidiwa, programu iliyoomba inasimamishwa isaidie kutafuta nafasi kabla ya kupewa, ndo unaona mfumo umeganda. Na wewe umezimiwa swapu, kwa hiyo kumbukumbu za PHP na MySQL hazina pa kwenda, cha kutupwa ni kashe tu mpaka na kodi (maagizo) ya programu zinazokimbia, inatupwa, inasomwa tena diskini, inatupwa tena. Alikimbia kuchelewa akakuletea kuchelewa kubaya zaidi.

Ikishindikana kote ndo anaitwa muuaji, sisi tunamwita OOM (Out Of Memory, kumbukumbu imekwisha). Na hapa nisikilize vizuri, OOM hatafuti mwenye kosa. Anajumlisha kumbukumbu halisi ambayo prosesi (programu moja inayokimbia) imeishika, iliyoko swapu, na majedwali ya kurasa zake (orodha ya kumbukumbu yake iko wapi), mwenye jumla kubwa anapigwa ishara namba 9 ambayo haizuiliki wala haina muda wa kuaga. MySQL yako iko na 2GB kwenye prosesi moja, PHP ni hamsini ila kila moja peke yake ni kadogo. Kosa la kundi, anauliwa mnene. Watu wanaiona MySQL imekufa wanaanza kuitibu MySQL, wengine mpaka wanaifuta na kuiweka upya!

Hiyo -17 imenichekesha kwa uchungu. Zamani kulikuwa na faili la oom_adj, namba zake -17 mpaka 15, na -17 ilimaanisha usiniue kabisa. Mwaka 2010, toleo 2.6.36, hesabu ikaandikwa upya likaja faili jingine, oom_score_adj, lenyewe linaenda -1000 mpaka 1000 na kila namba ni sehemu moja ya elfu ya kumbukumbu yote. Kama fundi ameiweka -17 kwenye hilo jipya, na ndo ninavyohisi maana wengi nawakuta hivyo, MySQL imepunguziwa kama 70MB tu kwenye hesabu. Bado ndo nene. Na usikimbilie -1000, PHP zitaanza kuuliwa moja moja mteja akiwa katikati ya kulipa, na ikifika mahali hamna wa kuua aliyebaki keneli inasimamisha mashine nzima.

Hesabu yako iko hivi. Chukua PHP moja kwa 60MB, kwenye mifumo ya mauzo nakutana nayo sana, ila ipime ya kwako kwa amri ya ps (inaorodhesha prosesi). Mara 50 ni 3GB, jumlisha 2GB za MySQL, 5GB kwenye mashine ya 4GB, na hujaihesabia Ubuntu yenyewe. Shusha max_children iwe 20, bafa ya MySQL (hiyo innodb_buffer_pool_size) iwe 1GB, inakuja kama 2.2GB, inayobaki iachie kashe. Foleni itakuwepo kidogo saa nne lakini hamna kitakachokufa. Rudisha swapu 2GB. Futa ile kroni leo.

Hawa mafundi wa kuponya kwa kroni wameumiza watu. Mteja wangu mmoja Tunduma aliwekewa ya kuipiga MySQL kill -9 kila saa moja na kuiwasha upya, "inapumzika" eti. InnoDB (namna mpya ya MySQL kutunza meza za data) inavumilia, ikiwaka inajirekebisha kutoka kwenye logi yake, ila yeye meza zake za zamani zilikuwa bado MyISAM (namna ya zamani isiyojirekebisha hivyo), ya stoo ikavunjika siku ya kufunga mwezi, tukahesabu mifuko kwa mkono mpaka usiku. Mtu akikuwekea kroni muulize inazuia nini, na akikwambia "inasafisha" mwambie akuonyeshe huo uchafu.

Ikifa tena usirestati mashine kwanza, washa MySQL tu, afu andika sudo dmesg -T (inaonyesha ujumbe wa keneli) utafute mstari wenye "Out of memory: Killed process". Juu yake kuna orodha ya prosesi zote na kila moja ilikuwa imeshika kurasa ngapi, nitumie yote hiyo, isiwe picha ya skrini iliyokatwa nusu. Ukisharestati dmesg inaanza upya, hapo jaribu sudo journalctl -k -b -1, kama huyo fundi hajafuta na logi nazo akijua ni uchafu.