Asubuhi Ndiyo Ghali

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: mtu akihamia nchi ya watu, ni gharama gani inayomwelemea kuliko alivyotarajia, na kula kama wenyeji kunampunguzia kiasi gani? Wengi watawajibu kwa habari za kodi ya nyumba na vibali vya kuishi. Mimi nina vyumba vya kupangisha hapa Uyole, Mbeya, na wapangaji wangu wengi ni wageni waliokuja kwa kazi za kilimo, ualimu na kujitolea. Jiko tunatumia moja. Naona wanapika nini, wanarudi na nini kutoka dukani, na tarehe za mwisho wa mwezi nasikia wanalalamikia nini. Kwa macho yangu, kinachommaliza mgeni ni kifungua kinywa.

Mchana na usiku watu hubadilika upesi kuliko wanavyojidhania. Sahani ya wali, maharage na mboga za majani kwa mama lishe bado inapatikana kwa shilingi 2,000 au 3,000, na mgeni anayefanya kazi na wenzake wa hapa hana haja ya kufundishwa njia ya kwenda huko. Saa saba ikifika, wote wananyanyuka, naye ananyanyuka. Ugali wapo wasioupenda mpaka siku ya kuondoka. Lakini huku nani amewalazimisha ugali? Ndizi zinateremka kila siku kutoka Tukuyu, viazi vinatoka hapo juu Uporoto, mchele unatoka Kyela na Mbarali, njegere zipo, makande yapo. Mwaka mmoja nilikuwa na mwalimu aliyeishi kwa ndizi na njegere muhula mzima, akanenepa.

Asubuhi ni habari nyingine. Mtu huyo huyo aliyekula utumbo jana mchana bila kuuliza ni nini, akiamka anataka kile alichopewa na mama yake alipokuwa na miaka sita. Hataki mjadala. Mholanzi mmoja mtaalamu wa viazi, aliyekaa kwangu muda mrefu, alikuwa mtu wa kula chochote, hata senene aliletewa kutoka Bukoba akala. Lakini alfajiri lazima mkate, jibini vipande viwili, siagi, zile punje za chokoleti wanazonyunyizia juu ya mkate, na kahawa ya kuchuja. Siku moja tulikaa mezani tukapiga hesabu ya risiti zake. Chakula cha asubuhi peke yake kilikuwa kimemgharimu zaidi ya vyakula vingine vyote vya mwezi ule vikijumlishwa, bia tukiiweka kando.

Sababu inaonekana barabarani. Jibini ya Ulaya ikishuka bandarini Dar es Salaam bado ina zaidi ya kilomita 800 za kupanda mpaka huku, na njiani inataka ubaridi. Malori yanayopishana nayo yanateremka na viazi na ndizi. Mgeni anaishi mahali vyakula vinakoanzia safari, kisha anajilisha kwa vile vinavyomaliza safari hapa. Na kichekesho kikubwa kwangu ni kornfleksi. Boksi la mahindi, lililopita baharini, linauzwa zaidi ya shilingi 10,000 katika mji uliozungukwa na mahindi pande zote! Mahindi yale yale, ila haya yamebanwa yakawa bapa.

Nikaja kupata uhakika wa jambo hili kupitia binti wa Kijapani aliyekuja kujitolea. Nilimhofia. Nikasema huyu ametoka mbali zaidi kuliko wote, atateseka. Kumbe kwao asubuhi wanakula wali, samaki na supu. Haya, wali ulikuwepo, tena wa kiporo. Usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, wanafika sokoni wakiwa wamekaushwa. Supu alijitengenezea kwa mboga na lile rojo zito la soya alilokuja nalo kwenye begi. Mwanzoni alinung'unika kwamba mchele wa Kyela unanukia na haushikani. Baada ya muda akaacha kunung'unika, akawa anauchagua sokoni kwa kunusa, na wauza mchele walimwogopa. Hakuna mpangaji wangu wa kigeni aliyewahi kutumia pesa kidogo kuliko yeye, na sikumwona akijinyima kitu. Bahati yake ilikuwa kwamba asubuhi ya kwao na ya Kyela zinafanana.

Mkenya naye nilimpata, mhandisi kutoka Nakuru. Mtu angedhani jirani hana la kuzoea. Alisema ugali wetu ni uji uliosimama, na kila Jumapili alijisongea wake mgumu. Hilo halikumpotezea hata senti. Shida yake ilikuwa chai: yeye ni wa majani kuchemka ndani ya maziwa, maziwa mengi, na kila alikokaribishwa hapa mjini aliwekewa chai ya rangi. Kwa kuwa Rungwe ni wilaya ya ng'ombe wa maziwa na vijana wanapita nayo asubuhi kwenye baiskeli, matatizo yake yaliisha kwa bei nafuu. Angepangiwa kazi pwani, angelia.

Wamalawi wanaokuja kufanya biashara siwaweki kwenye hesabu hii. Ukivuka mpaka pale Kasumulu, usipa ni wale wale na ugali ni ule ule; unabadilisha noti tu.

Msije mkadhani nawasema wazungu peke yao. Mdogo wangu yuko Leeds, Uingereza, anafanya kazi hospitalini. Tukizungumza kwenye simu hasemi habari za chakula cha mchana. Anakula cha kantini na wenzake, amezoea. Viazi alizaliwa navyo, kwa hiyo usiku hana tatizo. Lakini siku zake za mapumziko anapanda basi kwenda upande wa pili wa jiji kutafuta viazi vitamu. Vya huko dukani ni vya rangi ya chungwa, ukichemsha vinalegea na kuwa vitamu kupita kiasi. Yeye anataka vyetu, vyeupe ndani, vikavu, vya kumkwama mtu kooni mpaka ameze chai. Anavipata kwenye duka la Waafrika kwa bei ambayo akinitajia namwambia asimwambie mama. Ulezi wa uji ndio huo huo. Halafu anamlaumu mwenzake anayeishi naye nyumba moja, Mpolandi, kwa kununua soseji za kwao kila wiki.

Kodi ya nyumba nitaipitia haraka maana nina maslahi nayo. Mgeni anaumizwa na kulipa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na pia na dalali anayechukua kodi ya mwezi mmoja kwa kumwonyesha mlango. Zamani wenye nyumba wengine walikuwa wakimtajia dola. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa. Mgeni anayetajiwa dola leo ana haki ya kuuliza kwa nini.

Kuna gharama nyingine ya jikoni ambayo haihusiani na asubuhi, na wageni wote huikuta bila kuonywa. Ni gesi, na anayeila ni maharage. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya huku yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Mgeni anasoma kwamba maharage ni chakula rahisi cha wenyeji, ananunua sado nzima, kile kindoo cha kupimia sokoni, anayaweka juu ya gesi bila kuyaloweka, na jioni inaingia yakiwa bado yanagonga sufuria. Mtungi unaisha kabla ya mwezi kugawanyika, naye anaanza kusema kwamba kula kama wenyeji hakuna nafuu yoyote. Wenyeji gani wanaochemsha maharage makavu kwa gesi? Mimi nayaloweka usiku kucha na kuyaweka kwenye jiko la mkaa wakati nafua. Msimu wa maharage mabichi tunayamenya na kuyala hayo kwanza, maana yanaiva upesi. Na mtu mmoja anayeishi peke yake hana sababu ya kuchemsha kabisa. Anabeba bakuli jioni kwa mama wa jirani anayechemsha ya kuuza. Tunachemsha hivyo hapa chini ya pua ya kituo cha utafiti kilichotupa maharage ya Njano Uyole, na watafiti wa kigeni wanaokuja kukitembelea ndio wanaonimalizia mitungi.

Sokoni pia kuna elimu yake. Bei ya mgeni ipo, sitaikataa. Lakini haitokani na rangi peke yake. Hata mtu wa Dar es Salaam akija na miwani yake anauziwa parachichi kwa bei ya Kariakoo. Inatokana na kununua leo kwa huyu, kesho kwa yule. Ukimshika mama mmoja wa mboga na mmoja wa viazi, baada ya muda anakupimia sado iliyojaa juu, anakutupia nyanya mbili za nyongeza, na siku huna chenji anakuambia utaleta. Binti wa Kijapani alilijua hili kabla sijamwambia. Mholanzi alikuwa na daftari la kulinganisha bei za wauzaji, na wauzaji nao wakamlinganisha yeye.

Sasa ushauri wangu haufanani na ule ninaousikia, kwamba mgeni aache kila kitu cha kwao siku anapotua. Nimewaona wanaojaribu. Wiki tatu wanakula mihogo ya kuchemsha asubuhi kwa uso wa mtu anayemeza dawa, wiki ya nne wanaingia supamaketi na kununua vitu vya hasira, tena vya bei kubwa kuliko vile walivyoviacha. Mtu abaki na asubuhi yake, ila aitafutie malighafi huku huku. Njombe kuna kiwanda cha maziwa kinachotengeneza jibini. Si ile ya kwao, lakini inakaa juu ya mkate. Iringa wanatengeneza mtindi mzuri unaofika mpaka madukani kwetu. Kahawa inalimwa Mbozi, na ingawa nyingi inauzwa nje na sisi wenyewe tunakunywa chai, iliyokaangwa inapatikana mjini ukiulizia. Matufaha ya Njombe na Makete ni madogo na yana ukakasi, lakini Aprili 2025, serikali ilipozuia kwa muda mazao ya Malawi na Afrika Kusini kuingia nchini, waliokuwa wakila yale mekundu makubwa ya Afrika Kusini ndio waliokuwa na wasiwasi, si waliozoea ya Njombe. Waliozoea oti za kopo nawapa uji wa ulezi na karanga za kusaga. Wengine wanaurudisha jikoni kwa adabu, wengine wanaomba bakuli la pili. Parachichi juu ya mkate sikuhitaji kumfundisha mtu; hilo walikuja wakilijua, na msimu wa Rungwe ukifika walishangaa tu kwamba tunawapa nguruwe yaliyoanguka.

Mholanzi wangu aliishia hapo katikati. Jibini akahamia ya Njombe, kahawa akahamia ya Mbozi, mkate akaanza kuoka mwenyewe kwenye oveni yangu kila Jumamosi na kutuuzia majirani. Punje za chokoleti hakuziacha. Dada yake alikuwa akimtumia kwa posta, na mara nyingine ushuru na gharama za kuzikomboa zilizidi bei ya pakiti yenyewe. Alilipa bila kunung'unika, nami sikumwambia kitu, maana mwaka huo huo nilikuwa nimemtumia mdogo wangu kilo mbili za unga wa ulezi kwa mtu anayesafiri, na nauli ya kumpelekea mtu huyo mzigo uwanja wa ndege wa Songwe ilikuwa kubwa kuliko bei ya unga.

Kwa hiyo, mhariri, kwa swali la pili la kiasi gani kinapungua: kwa wapangaji wangu, aliyebadilisha mchana na usiku peke yake alishangaa kuona pesa bado zinaondoka. Aliyeigusa asubuhi, hata nusu yake, aliweza kwenda Matema kuogelea mwisho wa mwezi bila kukopa. Siku hizi mtu akinipigia simu kuulizia chumba, nikishamtajia kodi namuuliza akiamka huwa anakula nini, ndipo namwambia kama mshahara wake utamtosha.

Mama mwenye nyumba, Uyole, Mbeya